Kituo cha Juu, Kituo cha Chini

Mwalimu Breki hakuwa mtu wa kubishana ovyo. Ukimwambia mvua inakuja, atakubali, na ukimwambia haiji, atakubali vilevile, mradi mmalize mazungumzo kwa amani. Lakini kama ulitaka kumwona akikunja mikono ya shati na kusogeza kiti mbele, ilikutosha kumgusa kwenye jambo moja tu: gari linunuliwe petroli wapi.

Alikuwa na shule ndogo ya udereva. Darasa lilikuwa chumba kimoja chenye madawati ya kukunja, ubao uliojaa michoro ya makutano ya barabara, na meza ya vigari vya plastiki ambavyo wanafunzi walivisukuma huku na huku wakijifunza nani ampishe nani. Nje yalisimama magari yake mawili. La kwanza lilikuwa la kufundishia, lenye breki upande wa dereva na upande wa mwalimu, na hiyo breki ya pili ndiyo iliyompa jina. La pili lilikuwa la nyumbani, la rangi ya maziwa, ambalo mwanafunzi hakuruhusiwa hata kuliegemea. Magari hayo yote mawili yalikunywa mahali pamoja: kituo cha juu.

Kituo cha juu kilikuwa kule barabara inakopanda kilima. Kilikuwa na paa jeupe pana, wahudumu waliovaa sare zilizopigwa pasi, duka la kahawa, na kampuni kubwa nyuma yake ambayo matangazo yake yalikuwa yamebandikwa kila kona. Bei yake nayo ilikuwa ya kilimani. Huku chini, karibu na mzunguko wa barabara, kulikuwa na kituo kingine: pampu mbili, paa la bati, kibao kilichoandikwa kwa mkono, na foleni ya pikipiki na magari ya kazi tangu kunapokucha, kwa kuwa petroli yake ilikuwa nafuu. Mwalimu Breki alikipita kila siku akiwa ametazama mbele, kama mtu aliyekosana na jirani.

Asili ya jambo hili ilikuwa ya zamani. Kabla ya kuwa mwalimu alikuwa dereva wa mkurugenzi mmoja wa kampuni ya bima, mtu mnene, mpole, asiyejua kufungua boneti. Siku ya kwanza ya kazi mkurugenzi alimwambia kwamba gari lake haliingii kwenye kituo chenye kibao cha mkono. Kijana alilimeza neno hilo zima zima. Mkurugenzi alistaafu akaenda zake, neno likabaki. Sasa kila darasa jipya lilipoanza, Mwalimu aliwafundisha mambo matatu kabla ya yote: kioo, mkanda, na petroli ya maana. Aliwaambia petroli ya bei rahisi inaikohoza injini, inaikausha ndani, inaiibia nguvu milimani. Je, aliwahi kuyaona hayo kwa macho yake? Hakuna aliyemuuliza, na yeye mwenyewe hakujiuliza.

Basi Jumapili moja binti yake, mfamasia, alikuja nyumbani akiwa na habari. Mama yake alikuwa kwenye cherehani akishona mapazia ya mteja, sebule nzima imefunikwa kitambaa cha bluu, na Mwalimu alikuwa amejibana pembeni na kikombe chake cha chai. Binti akasema amepata mchumba, fundi wa lifti, na wote wawili wameshaamua. Mwalimu akauliza habari za wazazi wa kijana, kama mzazi yeyote angeuliza. Binti akajibu kwamba baba yake alishafariki, na mama yake ana kituo cha mafuta.

Mwalimu alitabasamu mpaka jino la mwisho. Papo hapo akajiona amekaa chini ya paa jeupe akinywa kahawa na mkwe wake, wahudumu wakimwita mzee. Akasema daima alijua kwamba kile kituo kina wenyewe wenye akili. Akaanza kusifu usafi wake, na sare, na jinsi wanavyokufutia kioo bila kuombwa. Binti alimwacha aendelee kidogo, kwa sababu alikuwa na utani wa baba yake, halafu akasema taratibu, "Baba, si kile cha juu. Ni kile cha chini, pale mzungukoni."

Chai ilimwingia njia isiyo yake. Mkewe akanyoosha mkono akampiga mgongoni, jicho lake halikutoka kwenye sindano.

Alipopata pumzi alizungumza kwa muda mrefu. Alisema hana neno na kijana, hana neno na lifti, lakini ukoo wake utaingiaje kwenye petroli ile. Binti alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamweleza mambo ya kazini kwake. Kila siku, alisema, anakuja mteja anayetaka vidonge vya boksi lenye maandishi ya dhahabu. Anamwonyesha boksi lingine, jeupe, dawa ile ile, kipimo kile kile, bei nusu. Mteja anatikisa kichwa na kuondoka na dhahabu yake. Mwalimu akamwambia injini si tumbo. Binti akakubali kwamba injini si tumbo, akaongeza kwamba pia haijui kusoma maboksi. Mama mtu akacheka mpaka cherehani ikasimama, na Mwalimu akauliza tu kama kijana ana adabu.

Kijana alikuwa nayo. Tena alikuja na kitu kizuri zaidi ya adabu: alijua breki. Jioni ile ya kwanza alikaa na Mwalimu akimweleza jinsi breki za lifti zinavyokuwa zimefunga muda wote, na umeme ndio unaozifungua, ili umeme ukikatika lifti ishike palepale badala ya kuanguka. Mwalimu alisikiliza kama mtoto anayesimuliwa hadithi. Mgeni alipoondoka, mkewe alimuuliza anamwonaje. Akasema kijana ni dhahabu tupu, tatizo ni mama yake tu, ambaye alikuwa hajamwona.

Akaja kumwona. Mama wa kijana alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya barabara, na kicheko cha kuwarudisha. Watu wote walimwita Mama Pampu, na yeye hakuona ubaya. Alikirithi kituo kwa marehemu mumewe kikiwa hoi, akakiinua mwenyewe. Alikaa sebuleni kana kwamba amezaliwa humo, akayasifu mapazia, akamuuliza Mwalimu maswali ya shule yake na kusubiri majibu. Mwalimu akajikuta anampenda, jambo lililomtia wasiwasi zaidi. Na walipofika kwenye mipango ya harusi, Mama Pampu akasema yeye si mtu wa maneno mengi: magari yote ya msafara siku hiyo atayajaza petroli yeye, kwa mkono wake, hiyo ndiyo zawadi yake.

Mke wa Mwalimu alishukuru kabla mumewe hajafungua mdomo. Mwalimu naye akasema, "Asante sana, mkwe," kwa sauti ya mlango unaohitaji grisi.

Asubuhi iliyofuata alimwambia mkewe kwamba hataweza. Gari la rangi ya maziwa, gari la kumbeba bibi harusi, liwekwe petroli ile? Mkewe akamwambia basi aende mwenyewe akamwambie Mama Pampu hivyo hivyo, uso kwa uso. Mwalimu akavaa viatu, akafika mpaka langoni, akakumbuka kwamba kuna kioo darasani kinahitaji kufutwa.

Siku ya harusi ilipofika, alishaamua. Aliamka mapema, akasema anapeleka gari likaoshwe, akapanda nalo kilimani moja kwa moja. Akamwambia mhudumu ajaze mpaka pomoni. Mhudumu alijaza, akafuta kioo, na kwa kuwa ilikuwa desturi yao kwa kila anayejaza, akatundika kwenye kioo cha ndani kikadi kipya cha manukato chenye nembo ya kampuni. Mwalimu alirudi akipiga mluzi. Hesabu yake ilikuwa rahisi: Mama Pampu ataweka kidogo juu ya hiyo nyingi, ile nzuri itaimeza ile mbaya, na hakuna atakayejua kitu.

Msafara ulikusanyika kwenye kituo cha chini, magari yakiwa yamefungwa riboni. Pampu zilikuwa zimepambwa maua, na wahudumu wawili wa pale walikuwa wamevaa tai juu ya ovaroli. Mama Pampu mwenyewe alikuwa kwenye gauni la harusi la rangi ya zambarau, amejifunga aproni juu yake. Magari mengine aliwaachia vijana wake, lakini gari la bibi harusi akasema halishiki mtu mwingine. Akachukua mkono wa pampu, akautia kwenye tundu la tangi, akabonyeza.

Pampu ikajikata.

Akabonyeza tena, ikajikata tena. Akajaribu mara nyingine polepole, na petroli ikapanda shingoni, ikafurika, ikachirizika juu ya rangi ya maziwa mbele ya ndugu wa pande zote mbili. Mama Pampu akachomoa kitambaa kwenye aproni, akaufuta ule mchirizi taratibu. Alipoinama, macho yake yakapita dirishani, yakafika kwenye kile kikadi kilichokuwa bado kinaning'inia na kunukia ndimu gari zima.

"Gari lenu halili sana, mkwe," alisema.

"Ndiyo," Mwalimu akajibu. "Lina tumbo dogo."

Mama Pampu akafunga kifuniko cha tangi, akakizungusha mpaka kikalia. Akasema basi liende salama. Hakukunja uso wala hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomkata Mwalimu maini. Alipokaa kwenye usukani akamwona mkewe kwenye kioo, amekaa nyuma pembeni ya bibi harusi, akimtazama kwa jicho analolifahamu tangu walipooana. Akawasha gari, msafara ukaondoka.

Barabara ya kwenda ukumbini ilikuwa ya mlima kidogo. Walipoanza kupanda, gari likakohoa. Mwalimu akajifanya hakusikia. Likakohoa tena, likajivuta, likatetemeka, na katikati ya mlima, likiwa limeshiba petroli ya juu mpaka shingoni, likazima. Akajaribu kuliwasha, likaguna tu. Nyuma yake honi za msafara, ambazo zilikuwa za furaha, zikaanza kubadilika sauti.

Akashuka, akafungua boneti, akainama na kutazama ndani kwa uso wa mjuzi. Ukweli ni kwamba alijua gia, alijua alama, alijua breki kuliko mtu yeyote, lakini mambo ya ndani ya injini aliyaachia fundi. Na kwa fundi hakuwa ameenda siku nyingi. Fundi alikuwa amemwambia zaidi ya mara moja kwamba chujio la petroli la gari lile limezeeka, libadilishwe. Mwalimu akamjibu kwamba machujio ni ya wale wanaokunywa chini. Petroli ya juu inajisafisha yenyewe njiani.

Pikapu ya Mama Pampu, iliyobeba keki, ikasimama kando yao. Mama Pampu akashuka. Alimtazama Mwalimu, akaitazama boneti, akafungua mlango wa mbele na kumwambia bibi harusi apande. Bibi harusi akapanda na shela lake lote, mama yake akajipenyeza pembeni, na mlango ukafungwa kwa kusukumwa na mashangazi. Magari mengine yalikuwa yamejaa mpaka pomoni. Ilibaki nafasi moja tu, kule nyuma, na kule nyuma keki ilihitaji mtu wa kuishikilia. Mwalimu Breki, katika suti yake mpya, akapanda nyuma ya pikapu, akachuchumaa na kulikumbatia boksi.

Pikapu ikaruka mbele, na hapo ndipo alipogundua jambo ambalo hakulitegemea kabisa. Mama Pampu alikuwa haendeshi, alikuwa anapigana. Gia alizibadilisha kama anayepasua kuni. Matuta aliyapita bila kuyapa salamu. Taa ya kushoto iliwaka, gari likaenda kulia. Walipofika kwenye mzunguko karibu na ukumbi, aliuingia kwa njia ya nje, akaukata kwa ndani, akatoka kwa njia ambayo Mwalimu hakuwahi kuiona katika michoro yake yote. Mtu aliyefundisha nusu ya madereva wa mji ule alikuwa amekaa juu ya bodi ya pikapu akikanyaga bati kwa mguu wa kulia, akitafuta breki ambayo haikuwepo. Tai ilimpanda begani. Krimu ya keki ilimpanda kwenye kola. Kupitia kioo kidogo cha nyuma alimwona binti yake, shela limemfunika usoni, akicheka kwa kichwa kilichorudi nyuma kama alivyokuwa akicheka utotoni kwenye bembea, na mama yake pembeni ameshika dashibodi kwa mikono miwili.

Walipofika, watu waliokuwa wakisubiri nje ya ukumbi walipiga makofi. Mwalimu akashushwa na keki yake, ambayo ilikuwa imepoteza kona moja tu. Nywele zake zilikuwa zimesimama upande. Binti akamshika mkono ili waingie pamoja.

"Baba, umefika?" akamuuliza kwa chini.

"Bado sina uhakika," Mwalimu akasema, na wote wawili wakaingia wakicheka, hata wapiga picha wakapata picha ambayo baadaye ndiyo iliyowekwa ukutani.

Harusi ilikuwa nzuri. Kijana wa lifti alimvisha bibi harusi pete. Watu walicheza. Mama Pampu alicheza na kila mtu, akiwemo Mwalimu, na hakulitaja lile jambo la asubuhi hata kwa kufumba. Mwalimu alitamani alitaje.

Baada ya siku chache gari la maziwa lilivutwa mpaka gereji. Fundi, mtu wa maneno machache, alilala chini yake, akatoka na chujio, akaligongagonga juu ya kitambaa cheupe. Kilichotoka kilikuwa cheusi kama mashapo ya kahawa. Mwalimu akakitazama, akauliza kwa sauti ndogo ni petroli ipi iliyofanya vile. Fundi akamjibu kwamba ni miaka. Petroli yoyote, ya juu au ya chini, inakuja na vumbi lake kidogo, na tangi la gari lenyewe linatoa kutu yake, na ndiyo maana waliotengeneza gari waliweka chujio. Kisha akarudi chini ya gari. Mwalimu akakaa juu ya tairi kuukuu.

Chujio jipya liliwekwa, gari likawaka kwa mguso mmoja. Lakini kilichokuwa kinamsumbua hakikuwa chujio. Kila alipofumba macho aliona kile kitambaa kikifuta ule mchirizi, taratibu, mbele za watu.

Asubuhi moja akaenda kituo cha chini kwa miguu. Alimkuta Mama Pampu amevaa ovaroli na mabuti, lori la mafuta limesimama uani likisubiri kushusha. Mama Pampu alimkaribisha kwa kicheko chake kilekile, akamuuliza habari za nyumbani, na hakuacha kazi. Mwalimu alikuwa amepanga hotuba. Ikampotea yote.

"Mkwe, siku ile nilikudanganya," akasema. "Nilikuwa nimeshajaza kule juu."

"Najua. Gari lote lilinuka ndimu."

Mwalimu akaangalia viatu vyake. Mama Pampu akanawa mikono kwenye ndoo, akaja akasimama mbele yake. Akamwambia kwamba petroli haikumuuma. Kila mtu anunue pale moyo wake unapotulia, yeye hajawahi kumburuta mteja. Kilichomuuma ni kuachwa ashike pampu mbele za watu kama mtoto anayechezewa. Angeambiwa tu kwamba mkwe wake anaogopa, angecheka, angejaza magari mengine, yakaisha. Mwalimu akasema ni kweli, amekosa, amsamehe. Mama Pampu akasema ameshasamehe tangu alipomwona na krimu shingoni.

"Sasa niambie," akaendelea, "unachoogopa hasa ni nini?"

Mwalimu akafungua mdomo kumweleza. Akatafuta ndani yake yote aliyoyafundisha miaka yote hiyo, injini kukohoa, injini kukauka, na kila alipogusa alimkuta mkurugenzi mnene amekaa kwenye kiti cha nyuma akisoma gazeti. Hakukuwa na mtu mwingine humo. Basi akasema ukweli, kwamba hajui. Mama Pampu akampa mabuti ya akiba na kumwambia akae aone.

Aliona. Mama Pampu alichukua fimbo ndefu ya kupimia, akaipaka mwishoni dawa inayobadilika rangi ikigusa maji, akaitumbukiza kwenye lori na kwenye matangi yake ya chini ya ardhi. Dawa haikubadilika. Alisema siku ikibadilika lori linarudi lilikotoka, hata dereva anune vipi, na amewahi kulirudisha. Mfuniko wa tangi aliukagua kwa vidole, kwa sababu maji ya mvua ndiyo adui yake. Mwalimu alimfuata nyuma na mabuti yaliyomzidi, akiuliza maswali kama mwanafunzi.

Dereva wa lori akashuka kutoka upande wa pili, akamwona, na uso wake ukafunguka. Alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, yule aliyefeli kuegesha mpaka mtahini akamhurumia. Walikumbatiana. Alipoulizwa petroli anaitoa wapi, alisema bohari ni moja kwa wote. Siku nyingine lori hili hili analipeleka kwenye kituo cha juu. Bomba ni lile lile. Ila mzigo wa juu, wakati wa kupakia, hutiwa dawa ya kampuni yao, ya kuosha injini ndani.

"Kwa hiyo tofauti ipo," Mwalimu akasema, na matumaini yakampanda usoni.

"Ipo, mwalimu wangu. Ila si kubwa kama ulivyotufundisha."

Mama Pampu hakubisha. Alisema dawa ile ni kitu kizuri, hata yeye huwaambia wenye magari ya siku nyingi wapande juu mara mojamoja, au wanunue kichupa chake dukani wamimine wenyewe. Kuna na ile petroli ghali zaidi, ya namba kubwa, ambayo baadhi ya injini zimetengenezwa kuihitaji. Aliye na gari la hivyo asiifanyie ubahili. Lakini gari lisiloihitaji, kulinywesha ile ni kumvalisha mbuzi koti. Gari la Mwalimu halikuihitaji. Mwalimu akamuuliza dereva kwa nini miaka yote hiyo, wakikutana barabarani na kusalimiana, hakuwahi kumwambia. Dereva akajikuna kichwa, akasema mtu aliyekufundisha kuegesha, unaanzaje kumsahihisha?

Petroli ikaanza kushuka kwenye matangi. Wakasimama kusubiri, na Mwalimu, ambaye kifua kilikuwa chepesi kwa mara ya kwanza tangu harusi, akaona ni vizuri amalize yote.

"Na mimi nina langu, mkwe. Unaendesha vibaya."

Wahudumu wawili wakaacha kufagia. Dereva wa lori akajifanya anakagua tairi.

"Vibaya kiasi gani?" Mama Pampu akauliza.

"Kiasi kwamba kabla ya kufika ule mzunguko wa ukumbini nilikuwa nimeshatubu dhambi zangu zote."

Mama Pampu alicheka mpaka akashikilia pampu. Alipojifuta machozi akasimulia kwamba marehemu mumewe alimfundisha alasiri moja, kwenye uwanja mtupu, hakuna gari lingine wala kona. Toka siku hiyo huwa anaegesha mahali pa kutokea kwa mbele tu, kwa sababu kurudi nyuma hakuwezi, na ule mzunguko ulio mlangoni kwake, ambao anauona tangu asubuhi hadi jioni, haujui na unamtisha. Alisema hayo kwa sauti ndogo, sauti ambayo Mwalimu hakujua kwamba anayo. Mwalimu akamwambia Jumamosi awe tayari.

Jumamosi hiyo gari la kufundishia lilikuja kituo cha chini na likajazwa hapo kwanza, bila hotuba. Maharusi walikuja kutazama, na mke wa Mwalimu alileta kiti chake. Mama Pampu alianza kwa kurudi nyuma kati ya mapipa mawili matupu; pipa la kwanza likalala, la pili likalala, wahudumu wakayasimamisha, na mara ya tatu yakabaki wima. Kisha Mwalimu akachukua chaki, akachora mzunguko juu ya sakafu ya kituo, akamtembeza kwa miguu: hapa unapisha, hapa unaingia, hapa unashika ndani, hapa unaonyesha taa, hapa unatoka. Mama Pampu alitembea akihesabu kwa vidole. Halafu akasema anataka ule wa kweli.

Wakatoka barabarani. Alisimama mlangoni mwa mzunguko, akapisha lori, akapisha pikipiki, akaingia. Alishika ndani. Taa ikawaka upande wake. Gari likazunguka kama maji kwenye beseni. Ilipofika njia ya kutokea, Mwalimu akamwonyesha kwa kidole, lakini Mama Pampu akaipita.

"Ngoja kwanza," akasema. "Nimeuelewa."

Akazunguka tena, na tena, kicheko kikitoka dirishani, huku wenye pikipiki kwenye foleni ya petroli wakianza kumpungia mkono kila alipowapita. Mwalimu Breki hakumwambia atoke. Alifungua kioo cha upande wake, akaweka kiwiko nje, akawapungia na yeye.